Siku enka yangu ilipoteguka

Katika netiboli hakuna kutembea na mpira. Ukiudaka hewani ukatua kwa mguu mmoja, mguu huo ukishainuka haurudi chini mpaka mpira uwe umeutoa mkononi. Ukirudi, filimbi inalia. Ndiyo maana tunatua kwa kishindo, mwili mzima ukifunga breki juu ya mguu mmoja, na ndiyo maana enka ndiyo jeraha letu kubwa.

Yangu iliteguka nikiwa mwaka wa pili chuoni, Morogoro, kwenye bonanza la kufunga muhula. Nilikuwa nacheza senta. Pasi ilikuja juu, nikairukia karibu na duara la kufungia, nikaidaka. Beki wao aliruka pamoja nami, akatangulia kutua. Mimi nikashuka vidole vikiwa vimeelekea chini, upande wa ndani wa wayo wangu ukaangukia juu ya kiatu chake, upande wa nje ukakosa pa kukanyaga. Mguu ukapinduka, unyayo ukatazama ndani. Nikasikia "ta!" kwenye kifundo, kisha nikawa chini, vumbi mdomoni na mpira bado nimeukumbatia.

Pale benchi uvimbe kama yai ulikwisha kutokeza mbele ya mfupa wa nje wa kifundo. Kocha alikuja na hasira. "Nimewaambia mara ngapi muwe makini mnapotua? Huo ni uzembe." Maneno yale yaliniuma kuliko mguu. Jioni mama mdogo akachemsha maji ya chumvi anikande na kunichua, nikambembeleza tusubiri kukuche.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipokea asubuhi alikuwa mama wa makamo. Aliitikia shikamoo yangu, akaanza kubonyeza: ukingo wa nyuma wa mfupa wa nje, sentimita 6 za mwisho, kisha wa ndani, kisha kwenye wayo, pale mfupa wa kidole kidogo unapoanzia. Akaniambia nitembee hatua 4. Mifupa haikuuma alipoibonyeza, na hatua nilizitembea nikichechemea, kwa hiyo akasema haijavunjika, eksirei haihitajiki. Baadaye nilisoma kwamba vipimo hivyo vilitoka Ottawa, Kanada, kwa kundi la daktari Ian Stiell, na vilichapishwa mwaka 1992.

Mezani alikuwa na mifupa ya plastiki ya mguu. Akaishika mbele yangu.

"Tazama, mwanangu. Mfupa wa nje umeshuka chini kuliko wa ndani, kwa hiyo unazuia wayo usipinduke kwenda nje. Kwenda ndani, njia ni nyeupe. Halafu huu uliobanwa katikati, talasi, ni mpana mbele, mwembamba nyuma. Ukisimama wayo bapa, sehemu pana inabana. Ukielekeza vidole chini, inayobaki pale ni ile nyembamba, kiungo kinalegea. Hapo unashikiliwa na kano tu, zile kamba zinazounganisha mfupa na mfupa, na ya mbele upande wa nje ndiyo dhaifu kuliko wenzake."

Akaweka kidole juu ya uvimbe. Ilikuwa pale pale.

Nikamuuliza swali lililoninyima usingizi: ningekuwa makini zaidi, ningejiokoa?

"Misuli ya kuurudisha wayo unayo, hii hapa pembeni mwa muundi. Lakini mpaka taarifa ifike na misuli ivute, wayo umeshapinduka na kano imeshachanika. Yote hayo ni ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hakuna binti wa kuwahi hapo."

Mpaka leo nakereka nikimsikia kocha akimwita mchezaji mzembe kwa sababu ya enka.

Alinifunga bandeji, akakataza maji ya moto na kuchua kwa siku zile za mwanzo kwa sababu vinaongeza uvimbe, akanitaka nianze kuuchezesha mguu mapema. Kisha likaja zoezi la kusimama kwa mguu mmoja, kwanza macho wazi, baadaye nimefumba, baadaye juu ya mto. Alieleza kwamba kano ikichanika, mguu hupoteza pia uwezo wa kuujulisha ubongo wayo umekaaje, na ndiyo sababu enka iliyoteguka huteguka tena isipofundishwa upya.

Nilimwomba aniandikie hayo mazoezi kwenye karatasi, nikampelekea kocha. Aliisoma yote amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni bila neno. Wiki iliyofuata, kabla ya kugusa kitu kingine, timu nzima ilisimama mguu mmoja mmoja tukirushiana mpira, na kocha ndiye aliyekuwa akituhesabia.