Taa ya Nne

Juni 2021 kompyuta ya mezani niliyoiunga mwenyewe ilianza kuganda kwenye nembo. Unabonyeza swichi, feni zinazunguka, nembo ya madabodi (ubao mkuu) inatokea, basi. Vile vidoti vya Windows havitokei. Siku nyingine ukiisubiri dakika nne au tano inaingia kama vile haikuwa na shida. Siku nyingine unapika wali hadi unaiva, nayo imeduwaa palepale.

Ndani mlikuwa na prosesa ya Ryzen 5 2600, madabodi ya B450, vijiti viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda) ya DDR4 vya GB 8 kila kimoja, kadi ya picha ya GTX 1050 Ti, SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240 yenye Windows 10, na diski ya kuzunguka ya TB 1, mtumba wa Kariakoo, niliyoitenga kwa ajili ya video.

"Kaka, si Windows imekufa tu? Piga upya," mdogo wangu akasema.

"Ukibonyeza Delete, bayosi inafunguka?" nikamuuliza. Bayosi ni programu ya madabodi yenyewe, inayoamka kabla ya Windows.

"Haifunguki."

"Basi Windows haijafikiwa bado."

Hapo nilikuwa sahihi. Kama hata bayosi haifunguki, mara nyingi tatizo liko kwenye vifaa, na kupiga Windows upya ni kupoteza jioni. Nilipokosea ni hatua iliyofuata: nikaishukia RAM, kwa mazoea tu. Nilichomoa waya wa umeme, nikashikilia swichi sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe, nikatoa vijiti vyote viwili, kisha nikarudisha kimoja kwenye tundu la pili kutoka kwenye prosesa. Ikaganda. Nikaweka cha pili, ikaganda vilevile. Nikagusanisha pini mbili za JBAT1 kwenye madabodi kwa ncha ya bisibisi ili mipangilio ya bayosi ifutike na RAM ishuke kutoka 3200 hadi 2133. Bado. Kadi ya picha sikuweza kuiondoa, maana Ryzen hiyo haina picha yake yenyewe; ukiitoa, skrini inabaki giza na hujajifunza kitu.

Saa nzima ikapita hivyo, na muda wote huo jibu lilikuwa linawaka kwenye kona ya madabodi. Kuna taa ndogo nne pale: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha), BOOT (diski ya kuwashia). Mashine ikiwaka zinapokezana, na ile inayobaki bila kuzimika ndiyo inayokwambia ukaguzi umekwama wapi. Tatu za kwanza zilikuwa zinazimika vizuri. Ya nne ilikuwa inabaki. Nilikuwa naiona, ila niliichukulia kama pambo.

Nikachomoa kebo zote mbili za SATA, zile zinazounga diski na madabodi. Delete, bayosi ikafunguka papo hapo. Nikarudisha SSD peke yake, ikafunguka. Nikarudisha diski ya mtumba, ikaganda, na nilipotega sikio karibu na kasha nikasikia: tik, kimya, tik, kimya. Kichwa cha kusomea kilikuwa kinajaribu, kinashindwa, kinajaribu tena, na bayosi imesimama inasubiri majibu.

Nikaitoa, nikawasha nikiwa nimeshashika kikombe cha chai. Skrini ikasema hakuna kifaa cha kuwashia.

Hili lilikuwa deni la siku ya kwanza. Nilipopiga Windows niliacha diski zote mbili zimechomekwa, na ile ya mtumba ilikuja na patisheni ndogo ya EFI ya mwenyewe wa zamani, yaani kipande cha diski kinachotunza mafaili ya kuwashia, ambayo sikuifuta. Windows ikiikuta ya namna hiyo mara nyingi huweka mafaili yake ya kuwashia humohumo. Kwa hiyo Windows ilikuwa kwenye SSD, ila mlango wake ulikuwa kwenye diski inayokufa.

Nikatengeneza flashi ya Windows kwa laptop ya mdogo wangu, nikawashia mashine kwa flashi hiyo, na Shift+F10 ikanipa dirisha jeusi la amri. Ndani ya diskpart, programu ya kugawa diski, amri ya list volume ilionyesha Windows iko D, si C. Herufi hubadilika ukiingilia kwenye flashi, na ukiandika C kwa mazoea amri inakataa. Nikaichagua D, nikaipunguza kwa shrink desired=200, nikaunda patisheni kwa create partition efi size=100, nikaifomati FAT32, nikaipa herufi S. Nje ya diskpart, ili mafaili ya kuwashia yaandikwe upya humo, nikaandika bcdboot d:\windows /s s: /f uefi. Sekunde kumi na tano baada ya kuwasha tena, nilikuwa ndani.

Diski nikaichomeka kwenye laptop kwa adapta ya USB yenye umeme wake, kwa sababu diski ya inchi 3.5 inahitaji volti 12 ambazo USB ya kawaida haitoi. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikasoma: C7 (makosa ya mawasiliano ya kebo) sifuri, maana yake kebo haina hatia, C5 sekta 312 zinazosubiri, maana yake sahani zenyewe zimechoka. Saa za kuwaka, 41,000 na ushee. Sidhani kama iliwahi kuwa ya mtu wa kawaida. Saa nyingi hivyo huenda ni za mashine ya kamera za ulinzi, isiyozimwa usiku wala mchana.

Video nyingi zilitoka. Folda mbili zilikataa kabisa. Waya wa umeme uliobaki bila kazi nikaufunga kwa tai ya plastiki, nikarudisha kifuniko kwa skrubu mbili, zile nyingine mbili sikuziona tena.