Kopo Lililozibwa

Somo: Zaburi 32:3-5

Wapendwa, juma hili tukae na picha ya zamani isiyo na sauti, The Return of Draw Egan, ya mwaka 1916. William S. Hart ndiye mwongozaji, na ndiye anayeigiza Egan, jambazi anayesakwa. Egan anajibadilisha jina, anajiita William Blake, na watu wa Yellow Dog wanamkabidhi nyota ya mlinda sheria. Kazi anaiweza, mji unatulia. Kisha anatokea mwenzake wa zamani, Arizona Joe, anayemjua yeye ni nani hasa.

Joe hana haja ya kufyatua risasi. Akiguswa, atasema, basi. Wahuni wanarudi barabarani, na mwenye nyota anawatazama tu. Nguvu zote za Joe zimo ndani ya siri ya Egan mwenyewe.

Watunza mikanda ya enzi ile wanaijua hali hii kwa pua. Mkanda wa naitreti, yaani ile plastiki ya picha za zamani, hata ukilala kabatini bila kuguswa, hutoa gesi. Gesi ikikutana na unyevu inakuwa asidi ya naitriki, asidi inaula mkanda uleule, nao unazidi kutoa gesi. Ndiyo maana kopo la kutunzia mkanda, likizibwa kabisa, huuharibu upesi kuliko lenye matundu. Kwanza picha inafifia na kuingia umanjano. Halafu gelatini, utando unaoshika picha juu ya mkanda, inanata kama asali, povu linatoka, mizunguko ya mkanda inagandana kuwa donge, na mwisho ni unga wa kahawia. Bati la kopo nalo linashika kutu kuanzia ndani, huku nje lebo ingali inasomeka vizuri.

Baridi ya nyuzi 4 hivi za Selsiasi, na unyevu wa asilimia 30, hupunguza mwendo wa uozo. Haiuponyi. Mkanda ulioanza kunata hutengwa, maana gesi yake huwaozesha majirani, na sehemu inayoonekana bado hunakiliwa haraka kwenye mkanda mpya.

Sasa msikilizeni Daudi. Mifupa yake ilichakaa lini? Hasemi ni pale alipokosa. Anasema ni pale aliponyamaza. Kosa lilikuwa limekwisha kutendeka. Kilichoendelea kumla mchana kutwa ni mfuniko. Yakobo 5:16 inatuelekeza tuungamane sisi kwa sisi, na hapo wengi tunaogopa, tukidhani tunaambiwa tuyatangaze yote sokoni. Sivyo. Kopo lenye matundu bado lina mfuniko wake. Ndugu mmoja mwaminifu, anayejua kuomba na kutunza neno, anatosha kuanza naye.

Egan alianza amechelewa, mbele ya mji mzima. Anawaambia yeye ni nani, na kwamba akimalizana na Joe atajisalimisha. Baadaye watu wale wale wanamtaka abaki na kazi yake, lakini hilo yeye hakulijua alipofungua kinywa. Alichojua ni kwamba kuanzia dakika ile, Joe alikuwa amebakiwa na bastola tu.