Mshahara si hisani ya tajiri

Hapa Busia, upande wa Uganda, kibarua akiuliza kwa nini malipo yake yamechelewa, mara nyingi hujibiwa kwa swali: "Kwani kabla sijakuchukua ulikuwa unakula nini?" Mimi ni karani katika ghala la nafaka, na kwa kuwa daftari la malipo liko mikononi mwangu, nimelisikia swali hilo wakiulizwa watu wazima mbele ya vijana wanaowaita baba. Kwamba mshahara ni mdogo, sote tunajua. Kinachotuumiza zaidi ni kwamba hicho kidogo chenyewe hutolewa kama hisani, na anayekidai huonekana mtovu wa shukrani.

Sheria zetu zimechangia hali hiyo. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na leo fedha hizo hazitoshi kununua hata kilo mbili za sukari. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini uliowasilishwa na mbunge wa wafanyakazi, Arinaitwe Rwakajara, lakini Rais Museveni alikataa kuutia saini. Sisi tunaoishi mpakani tunaliona pengo hilo kwa macho yetu, kwa maana ukivuka tu na kuingia Busia ya Kenya unakuta nchi ambayo kima cha chini hutangazwa na serikali kulingana na aina ya kazi na mahali, na hupandishwa: asilimia 12 mwaka 2022, asilimia 6 mwaka 2024. Najua wapo waajiri wa huko wasioitii amri hiyo. Hata hivyo mlinzi wa Kenya anayo namba ya kumwonyesha tajiri wake, ilhali wa kwetu hana ila kusihi.

Tena serikali yetu yenyewe imekwisha kukiri kwamba kuna kipato kisichomtosha mtu, kwani kwa miaka mingi mfanyakazi asiyezidi shilingi 235,000 kwa mwezi ameachwa nje ya kodi ya mshahara. Ikiwa mtu huyo ni maskini kiasi kwamba Hazina inamwonea huruma, inakuwaje mwajiri aruhusiwe kumlipa nusu ya kiasi hicho bila kuulizwa na mtu yeyote?

Siku ya malipo ghalani kwetu wapakiaji hujipanga tangu asubuhi, naye tajiri hufika alasiri. Kila mmoja hulipwa kwa idadi ya magunia aliyobeba, gunia la kilo 100 likiwa ndilo kipimo, na jina lake linapofikiwa ndipo makato huanza: gunia lililopasuka, asubuhi aliyochelewa kwa sababu ya mvua, chai ya saa nne ambayo ilipoletwa kila mtu aliamini ni ya bure, na ada ya kutuma pesa kwa simu, ambayo kwa haki ingekuwa juu ya anayetuma. Hakuna karatasi anayopewa. Akitaka maelezo huonyeshwa ukurasa wa daftari kwa mbali, kisha huambiwa apishe wenzake. Mmoja wao, mzee mwenye wajukuu ambaye wapakiaji wote humheshimu, husimama mbele ya meza na kusema, "Bosi, naomba unisaidie na kile kidogo changu." Anaomba kusaidiwa kwa pesa alizokwisha kuzitolea jasho, na mimi niliyeyahesabu magunia yake moja baada ya jingine sipati pa kutazama.

Lakini haki wanazonyimwa wapakiaji hawa ziko kwenye sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, ampe pia hati inayoonyesha alicholipwa na alichokatwa, na inazuia makato ambayo sheria haikuyaruhusu. Kanuni za mwaka 2011 zinasema kwamba mtu asiwekwe katika ukibarua zaidi ya miezi minne. Akizidi hapo anastahili mkataba wa maandishi. Nao Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, unamhusu kila mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja tu, ambapo mfanyakazi huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 10. Ghalani kwetu wapo watu waliobeba magunia kwa miaka bila mkataba wala namba ya NSSF, kwa kuwa kila Jumamosi hulipwa kama wageni walioajiriwa Jumatatu.

Sisemi kwamba biashara ya nafaka ni rahisi. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama na matajiri wengi wa mpakani walipata hasara ya kweli. Wakati huo malipo yetu kwa kila gunia yalipunguzwa, na wapakiaji walikubali bila ugomvi kwa sababu waliyaona malori kwa macho yao. Mpaka ulipofunguka na biashara ikarudi, malipo hayakurudi. Hasara tulishirikishwa, faida imekuwa siri ya nyumba ya tajiri.

Wala jambo hili si la wapakiaji peke yao. Mwaka 2022 serikali iliamua kuwalipa walimu wa sayansi wenye shahada shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku wenzao wa masomo ya sanaa, wenye shahada kama wao na madarasa yaliyojaa kama yao, wakibaki mbali sana nyuma, na Juni mwaka huo walimu wakagoma. Miongoni mwa hao walioachwa walikuwa walimu wa Kiswahili. Mwezi uliofuata Baraza la Mawaziri likatangaza kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Naipenda lugha hii na nilifurahi kusikia tangazo hilo, lakini nilimfikiria mwalimu aliyerudi darasani akijua kwamba somo lake limepandishwa hadhi huku yeye mwenyewe akiachwa pale pale alipokuwa.

Yule mzee wa ghalani ameniomba nimwandikie barua kwa tajiri, nami nimekubali, ingawa najua kalamu hiyo inaweza kunigharimu kazi. Barua inaomba mambo matatu: mkataba, kwa kuwa miezi minne imepita kitambo, hati ya malipo kila Jumamosi, yenye makato yote yameandikwa, na kuandikishwa NSSF, pamoja na michango ambayo mwajiri alipaswa kuilipa tangu sheria ilipobadilika. Tumeambatanisha nakala ya daftari dogo ambamo mzee amekuwa akiandikisha magunia yake, kwa mwandiko wa mjukuu wake wa darasa la sita, na hesabu zake zinalingana na zangu. Wapakiaji wengine wanne wamesema watatia saini chini ya jina lake. Tajiri asipojibu, nakala ya pili itakwenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya, ambaye kisheria ndiye wa kwanza kupokea malalamiko ya namna hii kabla hayajafika Mahakama ya Viwanda.