Nilivyothibitisha kwamba ishara ya c si ya kujichagulia

Walionitangulia darasani walinishauri hivi: katika nadharia ya uga (kitu chenye thamani kila mahali, kama joto la hewa) ya nishati ndogo, yaani isiyodai kujua yaliyo kwenye nishati kubwa, andika kila kipengele kinachoruhusiwa na ulinganifu, weka namba yoyote mbele yake, majaribio ndiyo yataamua. Ushauri huo ulinichelewesha mno, na si wa kweli. Nimeshathibitisha mwenyewe kwa kalamu na karatasi, na furaha niliyonayo siwezi kuificha.

Chukua uga mmoja, φ, na kwenye fomula yake uongeze c(∂φ)⁴/Λ⁴: ∂φ ni jinsi φ inavyobadilika mahali na wakati, Λ ni nishati ambayo nadharia inakoma kufaa, na c ni ile namba ya mbele, si kasi ya mwanga. Je, c inaweza kuwa hasi? Mwaka 2006 wanafizikia watano, Nima Arkani-Hamed akiwa mmoja wao, walionyesha kuwa haiwezi.

Njia ya kwanza haina shida. Acha φ ikue kwa mwendo usiobadilika, C, kisha itikise kidogo. Mraba wa kasi ya viwimbi unakaribia 1 − 8cC²/Λ⁴, mwanga ukiwa 1. Ukiweka c hasi, viwimbi vinaupita mwanga, jambo lisilokubalika.

Njia ya pili ndiyo iliyokula madaftari, na hela ya bando juu yake. Unachukua A(s), amplitudo (namba inayotoa uwezekano wa tukio) ya chembe mbili kugongana na kuendelea mbele bila kupinda, s ikiwa mraba wa nishati yao, unaipeleka kwenye namba changamani na kuifanyia intigrali kuzunguka duara. Nilianza kwa kuigawanya kwa s². Wapi! Tao la mbali la duara lilikataa kufa, yaani mchango wake haukwenda sifuri, na mkato wa kulia (mstari ambapo A inaruka thamani) ukafutana na wa kushoto, kwa sababu A(s) na A(−s) ni kitu kimoja. Nikagawanya kwa s³, mambo yakafunguka: mikato ikajumlishana, na tao likafa kwa kikomo cha Froissart cha 1961, kinachoizuia A kukua kuliko s ln² s. (Chembe ipe tungamo dogo, la sivyo kikomo hicho hakishiki.) Upande mmoja ikabaki c, wa pili intigrali ya σ/s². σ ni eneo la mgongano, na eneo haliwi hasi. Kwisha!

Nikapima kwa mwanga wenyewe. Namba za Euler na Heisenberg za 1936, zinazokaa mahali pa c kwa mwanga, ni 2α²/45m⁴ na 14α²/45m⁴, m ikiwa tungamo la elektroni na α namba inayopima nguvu ya umeme. Zote chanya.

Ila ukiingiza graviti, inaleta 1/t, ambapo t hupima chembe zimepinda kiasi gani, na mbele kabisa t ni sifuri, kwa hiyo hesabu hii haipiti ilivyo. Hapo ndipo nilipo sasa.