Nondo sio yule wa kutoboa nguo tu

Ukitaja nondo watu wanawaza nguo zenye matundu kabatini, na hilo linaniuma kweli, kwasababu wanaokula nguo ni aina chache sana tena anayekula ni kiwavi, sio huyu mwenye mabawa. Nondo waliopewa majina duniani wanafika kama aina 160,000, vipepeo wa mchana ni kama 18,000 tu. Yani wengi wako nje sisi tukiwa tumelala.

Kuwaona ni rahisi. Tundika shuka jeupe kwenye kamba nyuma ya nyumba, weka taa mbele yake, ya UV (mwanga wa urujuanimno, macho yetu hayauoni) ndo bora ila hata balbu ya kawaida inavuta, kaa usubiri. Chagua usiku wa joto, usio na upepo, mawingu yakiwepo safi zaidi maana mbalamwezi ikiwa kali wanakuja wachache.

Utafiti uliotoka 2024, waliwarekodi kwa kamera za kasi, ulionyesha wadudu wanageuzia mwanga mgongo. Tangu zamani mwanga wa usiku uko juu angani na ndivyo wanavyojua juu ni wapi, sasa taa ikikaa pembeni wanapinda, wanapinda tena, wanabaki wanazunguka hapohapo. Nilivyosoma hivyo niliacha kabisa kukesha na taa, masaa mawili nazima, waende wakale na watafute wenza.

Kumtambua sasa. Mwanzoni nilikuwa naangalia rangi na nilipoteza muda mwingi, karibu wote ni kahawia! Angalia kwanza anavyokaa: kuna anayefunika mgongo kwa mabawa kama paa la nyumba, kuna anayeyatandaza bapa kwenye shuka, kuna anayejikunja mpaka unadhani ni kijiti kilichovunjika. Halafu vipapasio. Vya kipepeo vina kirungu kwenye ncha, vya nondo mara nyingi ni uzi mtupu au vimechanua kama unyoya, na vikichanua sana huyo kwa kawaida ni dume, ndo anavyonusia jike aliye mbali. Piga picha ya juu na ya ubavuni, ipandishe iNaturalist, mtandao wa kutambua viumbe kwa picha, na kama imeishia kwenye jenasi, yani kundi la aina zinazokaribiana, iache hapo, usilazimishe spishi, yani aina yenyewe.

Ninayempenda kuliko wote ni nondo anayeitwa kisayansi Agrius convolvuli, kiwavi wake anakula majani ya viazi vitamu. Jioni anaelea mbele ya ua bila kutua, anakunjua mrija mrefu kuliko mwili wake mwenyewe, anakunywa, anahamia lingine. Halafu kuna nondo wengine wakubwa kabisa ambao wakishatoka kwenye kifukofuko hawali chochote, mdomo haufanyi kazi, wana siku chache tu za kupandana na kutaga.

Ukimaliza likung'ute shuka taratibu, mbali na ukuta, mijusi wanakuwa wameshajipanga pale karibu na taa. Kagua na mikunjo kabla hujaliingiza ndani, lazima utamkuta mmoja amelala humo.