Wifi alinipungia mkono

Wifi ameshafika Mombasa salama, Nasri kafaulu mtihani wa kuendesha gari, na Baba Nasri kahamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo wiki ilikuwa nzuri, alhamdulillahi. Lakini kinachonikaa kichwani ni mazungumzo ya Jumatatu, tulipokuwa mezani na viazi karai.

"Wifi, jana tumepita juu yenu kabisa na helikopta ya watalii! Nikakupungia mkono. Hukuniona?"

"Kukuona sikukuona. Nilikusikia."

Akacheka mpaka akaweka kiazi chini. "Kelele gani na wewe? Mle ndani kumetulia tuli, unamsikia rubani na muziki basi."

Kumetulia tuli. Nimelirudia neno hilo nikiosha vyombo, kwenye treni, hata kazini mbele ya mashine ya hewa niliyotumwa kupima kelele zake. Kwake yeye ni kweli. Abiria wote huvalishwa hedifoni nene zinazoziba masikio, na rubani huongea nao kwa waya. Kelele zote anaachiwa wa chini, ambaye hakukata tiketi.

Ngoja nimjibu hapa, maana mezani nilimeza.

Chukua helikopta ya Bell 206, ile ya siku nyingi yenye mapanga mawili juu. Rota yake, yaani hayo mapanga, huzunguka kama mara 394 kwa dakika, kwa hiyo hewa inachapwa mara 13 kila sekunde. Sauti nzito kiasi hicho sikio haliisikii vizuri, lakini kioo cha dirisha na vikombe vya kabatini vinaipata. Rota ya mkia ni ndogo na ina kasi, mizunguko karibu 2,550 kwa dakika, mapigo 85 kwa sekunde, na hiyo ndiyo inayolia kama nyuki. Kisha kuna ule mlio wa pa-pa-pa. Huo hutokea panga linapokata kimbunga kidogo kilichoachwa na panga lililotangulia. Helikopta ikienda moja kwa moja, vile vimbunga hubaki chini ya rota. Ikishuka au ikijipinda kwa nguvu, rota inavirukia. Sasa fikiri mtalii anataka nini akifika kwenye Sanamu ya Uhuru: apindishiwe upande wake apige picha, kisha apindishiwe na mwenzake wa upande wa pili.

Na kwa nini sisi wa Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York? Baada ya ndege ndogo kugongana na helikopta ya watalii juu ya mto Hudson, Agosti 2009, wakafa watu 9, mto ukawekewa utaratibu kama wa barabara: anayekwenda kaskazini afuate ukingo wa mashariki, anayeshuka kusini afuate wa magharibi. Wa magharibi ndio wetu. Helikopta hizi za watalii huruka chini ya futi 1,000, na kanuni ya kukaa, juu ya mji, futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote vilivyo ndani ya futi 2,000 kutoka ndege inazibana ndege za kawaida. Helikopta inaruhusiwa kushuka zaidi ya hapo mradi isihatarishe watu wala mali za chini. Kelele haikutajwa.

Kuna jambo wifi hakulijua kuhusu kupanda Jumapili. Mwaka 2016 jiji la New York lilikubaliana na wenye helikopta kupunguza safari za watalii kwa nusu kutoka kituo chake cha kusini mwa Manhattan, na Jumapili zisiruke kabisa. Jiji lina nguvu juu ya kituo chake tu. Anga ni ya serikali ya shirikisho. Kituo cha Kearny, huku kwetu New Jersey, hakimo kwenye makubaliano hayo. Ukitoka Kearny kwenda kwenye Sanamu, njia ya mkato inapita juu ya paa za Jersey City. Kwa hiyo siku ambayo Manhattan wanapumzika, sisi tunahudumia wageni.

Halafu utaambiwa kiwango cha kelele hakijafika 65, mpaka wa serikali. Hiyo 65 ni desibeli za wastani wa saa 24, na za usiku, kuanzia saa nne mpaka saa moja asubuhi, huongezewa 10. Mimi nafanya hesabu hizi kwa mshahara, kwa hiyo nivumilieni. Ukiikusanya nguvu yote ya helikopta moja inayopita na kuibana kwenye sekunde moja, tuseme unapata desibeli 80. Zipite 60 kwa mchana mmoja. Ukizitandaza kwenye sekunde 86,400 za siku, wastani unatoka kama 48. Ili ufike 65 kwa helikopta za namna hiyo, mchana uwe na takriban 2,700. Hapo hata wifi angesikia!

Tena hizo desibeli ni za A, kipimo kinachopunguza sauti nzito kwa kufuata sikio: kwenye mitetemo 20 kwa sekunde hukata 50 nzima. Vikombe vinavyogongana kabatini havimo kwenye hesabu. Mkipima kwa simu, geuzeni iwe C, kipimo kisichozipunguza sana sauti nzito, na hata hivyo maikrofoni ya simu haziaminiki huko chini.

Wanaolalamika, andikeni dakika, uelekeo, na namba ya ubavuni inayoanza na N. Programu za kufuatilia ndege zinaionyesha. Angalizo ni urefu. Nyingi huonyesha urefu unaokisiwa kwa kanieneo ya hewa ya kawaida, inchi 29.92 za zebaki. Siku ya jua kali na anga safi, ndiyo siku ya watalii, kanieneo inaweza kuwa 30.32. Tofauti hiyo ni karibu futi 400, kwa hiyo helikopta iliyo futi 900 itasomeka 500. Ukiandika "ilipita futi 500" bila kurekebisha, malalamiko yako yameshakufa. Andikeni na kanieneo ya saa ile, kutoka taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa Newark.

Jana usiku nikaitafuta safari yake. Nikaiona: imetoka Kearny, imezunguka Sanamu mara mbili, ikapanda mto, ikarudi kwa ukingo wetu. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika upya. Badala yake nikaifungua picha aliyonitumia akiwa uwanjani, mtandio umefungwa mara tatu kidevuni, mdomo wazi, anacheka kama mtoto. Huyu ndiye aliyemuuguza mama mkwe peke yake Likoni miaka yote ile, sisi tukituma pesa na pole. Ningemwambia asipande? Nisingeweza. Tena nahisi alinipungia kweli, ingawa kutoka kule juu paa zetu zote ni moja.

Picha nimemchapishia, nitampa Mwanaisha aende nayo Desemba.

Mkataba wa nyumba unaisha mwezi ujao, na mwenye nyumba kausoma ujumbe wangu tangu Jumanne, hajajibu. Baba Nasri anasema tumpe muda. Mwaka jana alijibu siku ileile.