Pengo la mbele nikiwa na miaka 68
Tangu jino langu la mbele ling'olewe miezi miwili iliyopita, sauti za "f" na "th" hunitoroka, na nimejizoeza kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja kama bibi harusi.

Daktari wa meno alinieleza njia tatu. Jino bandia la kuvaa na kuvua halihitaji upasuaji, lakini hulazwa ndani ya glasi ya maji usiku. Daraja, yaani jino bandia lisilovuliwa linaloshikiliwa na meno ya jirani, hukamilika kwa muda mfupi, ila ili lishike, kwa kawaida meno hayo huchongwa, na yangu ni mazima kabisa. Kuyaumiza kwa ajili ya marehemu mmoja kuliniuma.

Kilichobaki ni kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayopachikwa ndani ya taya na kuachwa kwa miezi kadhaa, mara nyingi 3 hadi 6, ishikamane na mfupa kabla ya kuvishwa jino. Nilidhani umri ungenizuia, kumbe kinachoangaliwa zaidi ni afya ya fizi, wingi wa mfupa, kisukari kama kimedhibitiwa, uvutaji wa sigara, na dawa anazotumia mtu, hasa baadhi ya zile za kutibu udhaifu wa mifupa, kwa kuwa zinaweza kuzuia taya kupona. Aliongeza kwamba mfupa huanza kusinyaa baada ya jino kung'olewa, kwa hiyo kusitasita kwangu kulikuwa na gharama yake.

Nimechagua kipandikizi. Kwa sasa navaa jino la muda, na wajukuu wameshaomba kuliona likiwa kwenye glasi.